Gurudumu la Mbele

2 Machi

Sindano,

Salamu zitakuja mwisho wa barua, kama nitakuwa nimepoa.

Fundi ameniandikia. Anasema Jumamosi moja ulishuka mlima mzima umelala juu ya vile viegemeo vya viwiko, mikono mbele kama mtu anayeomba dua, na mbele umefunga lile gurudumu la kaboni lenye ubavu mpana. Anasema Kocha alikuwa nyuma yako kwenye pikipiki anapiga kelele, "Lala! Lala! Usiguse breki!" Nilidhani Fundi ananitania. Lakini namjua tangu utotoni, hajawahi kutania mtu.

Najua umenifungia simu tangu nilipomwita Kocha wako mpuuzi. Neno hilo silifuti. Ndiyo maana naandika, na Dereva wa lori la mizigo atakufikishia kwa siku tisa au kumi. Kwenye karatasi huwezi kunikatia.

Na mlima upi? Nilipoondoka ile barabara ilikuwa mawe matupu, hata punda walikuwa wanachagua pa kukanyaga. Mimi nilijua mnashindana bondeni, kwenye barabara iliyonyooka. Nani amewaambia mpande huko?

Sasa sikiliza. Shule niliishia darasa la saba, unajua. Lakini rimu zinapita mikononi mwangu mwaka wa kumi na moja huu. Hiyo baiskeli ya triathloni haikutengenezwa kwa ajili ya kuteremka mlima. Imetengenezwa mtu atoke majini, apande, alale, apige pedali kwenye tambarare mpaka ashuke akakimbie. Kiti chake kimesogezwa mbele, kwa hiyo uzito wako unaelemea gurudumu la mbele. Ukilala, viwiko vinabanana, usukani unaushika kama unavyoshika kikombe cha chai. Na breki haziko hapo ulipolala. Ziko pembeni, kwenye pembe za nje. Kuondoa mkono kwenye kiegemeo na kuufikisha kwenye breki ni sekunde moja. Kwa kasi ya kilomita sabini kwa saa, sekunde moja ni mita ishirini. Hesabu mita ishirini kutoka mlangoni kwetu uone unaishia wapi. Unaishia ndani ya ukuta wa jirani.

Halafu upepo. Gurudumu la nyuma lina ubavu mpana, sawa, libaki. Umelikalia, haliendi popote. La mbele ndilo linaloelekeza. Upepo ukilipiga ubavuni, na wenyewe unashika usukani pamoja na wewe. Ukitoka penye kinga ya mlima ukaingia penye uwazi, ni kama mtu kakupiga kikumbo, na wewe hata breki hujaishika.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudisha mbele lile gurudumu la zamani la alumini. Ukianza kuteremka, toka kwenye viegemeo, shika pembe za nje, vidole viwili juu ya breki. Funga breki kabla ya kona, kwa nguvu na kwa muda mfupi, halafu achia. Usiziburuze mlima mzima, rimu inachemka. Baiskeli ikianza kutikisika, usikaze mikono, hapo ndipo utaanguka. Bana fremu kwa magoti, nyanyua makalio kidogo, iache itulie yenyewe.

Sijapoa. Msalimie Mama tu.

Kaka yako


13 Machi

Kaka,

Na mimi salamu nimeziweka akiba.

Nimesoma amri zako zote. Unazo nyingi. Umekaa huko miaka kumi na moja na kila sauti yako inapotufikia inakuja na amri: mjengeeni Mama choo hivi, msimuuzie fulani kiwanja, wewe usiolewe na yule. Sasa umefika kwenye vidole vyangu, ni viwili, visiwe vitatu.

Mlima huu huujui. Uliwekwa lami miaka sita iliyopita. Wewe bado unatuona kama ulivyotuacha, mimi nina miaka tisa na natembea peku. Nina miaka ishirini, Kaka. Naamka saa kumi na moja alfajiri, naogelea, halafu nasimama kwa saa tisa kwenye chumba cha kufulia hotelini nakunja shuka za watu waliolala. Tarehe kumi na sita Aprili ni mashindano. Wanawake wawili wa kwanza wanaingia kambini: kitanda, chakula, mwalimu wa kuogelea wa kweli, na shuka sizigusi tena. Wa tatu anarudi kukunja.

Mara ya mwisho nilikuwa wa tatu. Nikuambie ilivyokuwa? Majini natoka na wenzangu. Mlima kupanda nawaacha wote, nikifika juu niko peke yangu, nasikia pumzi yangu tu. Halafu tunaanza kushuka, kilomita kumi na moja, kona ishirini na tatu, na Mrefu ananipita kama mimi nimesimama kununua maji. Mrefu ana miguu kama ngazi na hana akili ya kuogopa. Aliniacha kwa sekunde arobaini kwenye kushuka peke yake. Kwa hiyo Kocha hakukosea aliposema nilale. Baiskeli hii ukiilaza inakata hewa kama kisu.

Nakubali kwenye Kona ya Tangi upepo unasukuma. Juzi ulinitoa ukingoni mwa barabara ukanipeleka hadi mstari wa katikati. Nilicheka. Na kuanzia hapo kwenye tangi la maji kwenda chini, breki ya mbele inagonga kidogo, tuk, tuk, tuk, mara moja kila gurudumu likizunguka. Kocha anasema kaboni ndivyo zilivyo zikipata moto. Nimeizoea.

Lakini lililoniudhi hasa si hayo. Magurudumu haya ni wewe uliyeniletea. Uliniambia umejinyima miezi minne ukayanunua kiwandani, ukanifanya nilie mbele ya watu. La mbele Mama alilitundika kwenye msumari sebuleni wiki nzima kabla Fundi hajalifunga. Kila mgeni anaoneshwa: mwanangu ni mhandisi, hili kalitengeneza kwa mikono yake. Wengine walikuwa wanaligusa kama mtoto mchanga. Sasa unaniambia nilivue nifunge la zamani lenye kutu. Unalitengeneza mwenyewe halafu unaliogopa? Mhandisi gani huyo?

Au hutaki niondoke nyumbani, nibaki na Mama, ili wewe uendelee kukaa huko?

Sitalivua.

Mdogo wako, mwenye miaka ishirini


22 Machi

Sindano,

Barua yako imefika mchana. Nimeisoma mpaka kwenye tuk, tuk, tuk. Hayo mengine nimeyasoma baadaye, na yananiuma, na nitayajibu siku nyingine.

Kocha ni mwongo au ni mjinga, chagua wewe. Kaboni nzima haigongi. Kaboni ni nyuzi nyeusi zilizolazwa juu kwa juu na kushikwa na gundi, zikaokwa tanurini. Breki ikiburuzwa, ule ukingo wa rimu unapata moto. Gundi ikilegea, ukingo unavimba. Ndiyo hiyo tuk unayoisikia, uvimbe unapita katikati ya breki. Kila ukishuka unavimba zaidi. Siku moja ukingo unafunguka, tairi linatoka, na wewe uko kasi ya sabini umelala kwenye viwiko.

Baiskeli ikiwa imepoa, osha rimu ya mbele kwa sabuni. Kausha. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, mzunguko mzima, pande zote mbili. Ukikutana na kitu kama maharage chini ya ngozi, usiipande tena hata kwenda dukani.

Fundi nimemwandikia pia, aipime. Nimemuuliza amefunga raba gani za breki.

Usiniulize kwa nini nina wasiwasi hivi. Livue tu.

Si kwamba sitaki uondoke. Usiseme tena hivyo.

Kaka yako


1 Aprili

Rafiki yangu, kama bado ni jina lako,

Dada yako alikuja jana na baiskeli kwa sababu nilituma mtoto amwite mara tatu. Nimeiosha rimu ya mbele, nimeipitia kwa kidole kama ulivyoandika. Uvimbe upo. Uko upande wa kulia, kiganja kimoja kutoka tundu la valvu, mkubwa kama punje ya mahindi.

Umeniuliza raba gani. Nitakuambia, na wewe utaniambia. Gurudumu la nyuma lilikuja ndani ya boksi lake, na karatasi yake, na pakiti ya raba zake za kaboni. La mbele lilikuja limefungwa kwenye blanketi. Halina boksi, halina karatasi, halina raba. Wakati ule nilisema moyoni, labda boksi liliraruka njiani. Nikafunga raba nyeusi za kawaida kwa sababu ndizo nilizonazo. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Jana baada ya kuosha nikaona kitu kingine. Karibu na tundu la valvu pamepigwa msasa. Kidogo tu, pana kama kucha, halafu pakapakwa nta pang'ae. Aliyefanya anajua kazi. Lakini msasa hauingii tundu la valvu. Nimemulika kwa tochi. Ndani ya tundu kuna rangi nyekundu.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, nimefunga magurudumu ya watoto wa mtaa huu mpaka na watoto wao. Sijawahi kumfungia mtu kitu ambacho nisingemfungia mwanangu. Wewe umenifanya nimfungie dada yako. Nijibu neno moja tu: hili gurudumu ulilinunua au uliliokota?

Nilimwambia Sindano lina uvimbe. Akanitazama akasema, "Kaka amekununua na wewe?" Akalichomoa mikononi mwangu, akalifunga mwenyewe, akaondoka. Anavyokaza ekseli ni vizuri, nilimfundisha mimi. Atairudisha Jumamosi ya tarehe kumi na tano, maana wote huleta baiskeli zao kwangu siku moja kabla ya mashindano, nikaze spoki na kupaka grisi.

Una wiki mbili. Safari hii usinitumie barua, piga simu duka la jirani, wataniita.

Fundi


10 Aprili

Mdogo wangu,

Hata Dereva akiwahi, barua hii itakufikia baada ya mashindano. Naandika hivyohivyo. Simu umenifungia, na haya sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.

Mimi si mhandisi. Sijawahi kutengeneza rimu hata moja.

Nyuma ya kiwanda kuna banda la bati, lina msumeno mmoja na mtu mmoja. Huyo mtu ni mimi. Rimu zikitoka tanurini zinapelekwa kwa mkaguzi. Anazimulika, anazigonga, anazibana. Iliyo na dosari anaipiga mstari mwekundu kwenye tundu la valvu. Kila Ijumaa zinaletwa kwangu kwenye mkokoteni na mimi nazikata vipande vinne, ili asitokee mtu wa kuziokota akazipanda. Ndiyo kazi yangu yote. Nakata. Vumbi lake ni jeusi na linawasha, limenikaa kwenye mate, kwenye godoro, nikikohoa asubuhi leso inakuwa kama ya mchoma mkaa. Mwaka wa kwanza niliwaambia "nipo kwenye rimu." Mama akaongeza uhandisi mwenyewe, na mimi sikumkatisha, kwa sababu sauti yake siku hiyo ilikuwa ya furaha.

Gurudumu la nyuma nililinunua kweli. Ile miezi minne ni ya kweli. Pesa ikaishia kwenye la nyuma.

La mbele lilikuwa kwenye mkokoteni. Rimu mpya, nyeusi, nzuri, na mstari mwekundu. Kwenye karatasi mkaguzi aliandika: mapovu ukingoni, upande wa breki. Nikaigonga kwa ukucha, ikatoa sauti safi. Nikajiambia, Sindano anashindana bondeni, barabara imenyooka, breki ataigusa mara mbili kwa saa, haya mapovu yatalala usingizi mpaka azeeke. Niliiona ile barabara, Sindano. Niliona hadi miti. Mlima haukuwamo kichwani mwangu. Kwangu mlima bado ni mawe na punda.

Nikaupiga ule mstari msasa, nikaitia spoki mwenyewe. Nikaona aibu upande kitu chenye alama nyekundu mbele ya wenzako. Ningeuacha ule mstari, Fundi angeuona siku ya kwanza na angeniuliza. Miaka kumi na moja nimekata maelfu ya rimu kwa ajili ya watu nisiowajua, wasije wakavunjika shingo. Moja tu sikuikata, na hiyo nikakutumia wewe.

Nikasirikie. Lakini ujue na mimi nimejikasirikia mpaka nashindwa kula, na nikimaliza kujikasirikia namkasirikia Kocha, na aliyeweka lami, na mkaguzi kwa nini asipige mstari mkubwa zaidi.

Na kuna jingine baya zaidi. Ningeweza kumpigia Fundi tangu tarehe ishirini na mbili, niliposoma tuk. Sikupiga. Kwenye simu angeuliza, na ningelazimika kujibu palepale. Mama nilishindwa kabisa kumpigia, kwake mimi ni mhandisi. Nikaandika barua, nikakuachia siku kumi zaidi juu ya kitu hicho ili nilinde jina ambalo si langu.

Leo nimempigia. Nimemwambia, "Nililiokota." Nikamwambia Jumamosi ukiacha baiskeli, alikate. Asilifiche, utalipata. Alikate vipande vinne kama ninavyokata mimi. Nikamwomba asikuambie sababu, nikuambie mimi. Akasema, "Atanitukana." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sawa." Akakata simu bila kuniaga.

Nimelia nikiwa banda la msumeno, nimevaa barakoa, machozi yakachanganyika na vumbi. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu nimechoka kuwaficha mambo.

Kaka yako, mkata rimu


24 Aprili

Kaka,

Barua yako ilifika Alhamisi. Mashindano yalikuwa Jumapili iliyotangulia. Nitakupa yote kwa mpangilio, na usinikatishe.

Jumapili alfajiri nilikwenda kwa Fundi kuchukua baiskeli. Watu wamejaa, kila mmoja na yake. Yangu imesimama na gurudumu la mbele la alumini, kutu na yote. La kaboni liko juu ya benchi, vipande vinne vimepangwa kama keki.

Nikasema, "Nani kafanya hivi?"

Fundi anafuta mikono. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Utaambiwa."

"Nitaambiwa na nani? Nakuuliza wewe!"

"Kona ziangalie. Pembe za nje," akasema. "Tairi la mbele nimelipunguza upepo kidogo, linashika vizuri."

Kaka, nilimtukana. Nilimwambia amehongwa na watu wa Mrefu. Nilimwambia ni mzee mwenye kijicho, maisha yake yote kafunga magurudumu ya wenzake na yeye hajafika popote. Nilimrushia kopo la grisi, likampata kifuani. Mrefu mwenyewe alikuwepo, akasema, "Dada, mimi sijamhonga mtu, hata nauli ya kuja hapa nimekopa." Watu wakacheka. Fundi alikuwa anatoa grisi kwenye shati kwa kidole. Neno moja lingemtosha na hakulisema, kwa sababu ulimwomba.

Nikaenda kushindana nikiwa na hasira ya kubeba nyumba. Nilitoka majini wa nne. Kupanda mlima niliwapita wote, sikumbuki hata kupumua. Nikafika juu peke yangu, nikatazama chini, nikaona nina gurudumu la mbele jembamba na amri za kaka yangu. Kwa hiyo nikazifuata. Si kwa kukutii. Sikuwa na kitu kingine.

Pembe za nje. Vidole viwili. Breki kabla ya kona, nguvu, achia. Gurudumu lile la kutu linakwenda pale unapotazama, unaligeuza kichwani na lenyewe limeshageuka. Kona sita za kwanza hakuna aliyenifikia. Kwenye ya saba Mrefu akanipita, amelala, gurudumu lake la mbele lina ubavu mpana kuliko lile langu la kaboni. Tukaingia Kona ya Tangi yeye mbele, mimi mita kumi nyuma. Upepo ukatokea pale pale unapotokea siku zote. Mimi ulinigusa bega, basi. Yeye nilimwona anavyobebwa, barabara nzima, kutoka ukingo huu hadi ule, mikono bado kwenye viegemeo, hana breki, mguu mmoja umetoka kwenye pedali. Tairi lake lilipita juu ya mchanga wa ukingoni. Ukingo ule ukipita kuna hewa tu, Kaka. Hewa na mapaa ya nyumba chini.

Alirudi barabarani. Sijui vipi. Nikampita, nikamsikia anasema jina la mama yake.

Kona zilipokwisha, kule chini panaponyooka, yeye na mwingine wakanipita wote wawili. Gurudumu langu lilikuwa linaburuza hewa kama mlango uliofunguliwa. Kwenye kukimbia nilimfukuza Mrefu mpaka mwisho. Nimekuwa wa tatu. Sekunde tisa.

Jumatatu nikarudi kukunja shuka, na kila shuka niliyokunja nilikuwa namkunja Fundi. Alhamisi ikaja barua yako.

Najua ningekufa. Kidole changu kilipita juu ya ule uvimbe tarehe thelathini na moja Machi, niliusikia, na nikamwambia Fundi sijasikia kitu. Hilo nakuambia wewe tu. Najua pia ni sekunde tisa. Nayajua yote mawili kwa pamoja na sijui niyaweke wapi. Wewe usinisaidie kuyapanga.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi, saa nne asubuhi, nikaenda kwa Fundi. Nilisubiri mpaka watu wawe wengi kama siku ile. Nikapanda juu ya kile kiti anachokalia akikaza spoki nikaisoma barua yako yote, kwa sauti, neno kwa neno. Msumeno, mkokoteni, mstari, msasa. Na pale ulipolia, napo nimepasoma. Fundi alisema, "Shuka, binti, inatosha," mara mbili. Sikushuka. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo na ukweli ukasemwa mbele ya watu walewale. Kasirika ukitaka. Ni zamu yako.

Halafu nikamwomba msamaha. Akasema nimnunulie shati.

Mama nimemsomea jioni ileile. Aliikunja barua, akaifungua tena. Kisha akasema, "Kwa hiyo anakata." Msumari bado uko sebuleni, ametundika kalenda. Lakini jana alikuja jirani akauliza habari zako, na Mama akamwambia, "Anakata rimu mbovu zisiue watu." Akasema hivyo kwa kiburi kilekile. Nilitoka nje, sikuweza kuvumilia.

Kwenye bahasha nimekuwekea kipande chenye tundu la valvu. Ukimulika utaona wekundu wako. Ni mali yako, maliza kazi.

Sindano


10 Mei

Sindano,

Kipande kimefika. Ijumaa nilikiweka juu ya mkokoteni pamoja na vingine, zamu yake ikafika, nikakipitisha kwenye msumeno. Tundu la valvu limegawanyika katikati. Msimamizi alikuwa anapita, akasimama.

"Hicho mbona kimeshakatwa? Kimetoka wapi?"

Nikamwambia, "Nyumbani."

Akadhani namjibu jeuri. Amenikata posho ya siku mbili. Sikumweleza.

Kuhusu kunisoma mbele ya watu, nimekasirika, ndiyo. Nimekasirika siku nne. Watu walewale niliokwenda nao shule, na hadi pale pa kulia! Ungeruka hapo, hakuna ambaye angejua. Siku ya tano nikagundua nimelala usingizi mpaka king'ora cha zamu. Sijalala hivyo tangu Machi. Kwa hiyo sikushukuru, lakini nakuambia.

Shati la Fundi nunua lenye mikono mirefu, huwa anaficha kovu.

Kuna jambo sijalielewa kwenye barua yako. Kwenye kona uliwazidi. Panaponyooka ndipo walipokupita. Hapo kwenye kunyooka, baada ya kona ya mwisho, ulirudi kulala kwenye viegemeo au ulibaki kwenye pembe za nje? Kwa sababu kama ulibaki kwenye pembe mpaka chini, hiyo si gurudumu, hiyo ni hasira, na sekunde tisa zako ziko hapo. Niliandika utoke kwenye viegemeo ukianza kuteremka. Sikuandika usirudi.

Usinijibu kwa barua. Siku kumi ni nyingi, na mashindano mengine ni mwezi wa nane.

Nifungulie simu. Nitapiga Jumapili ya tarehe ishirini na moja, saa mbili usiku, ukishatoka kukunja shuka. Tutagombana. Pokea.

Kaka yako